Benki ya Damu Isiyotoa Damu

Nguo ikifika mezani kwa Mwanabaraka, kitu cha kwanza ni mifuko. Iwe koti la mzee, iwe suruali ya kijana wa ulinzi pale uwanjani, mifuko yote huigeuza ndani nje, akaikung'uta, akaikagua kama mtu anayefunua matamvua ya samaki kabla hajatoa pesa. Geeta, mwenye duka hilo la dobi pale Wembley, London, alimwambia zamani sana kwamba kazi yake ni kupunguza pindo na kutia zipu, mifuko ya watu haimhusu. Mwanabaraka akamjibu kwamba siku mteja atakaporudi kudai pete yake, mifuko itawahusu wote wawili. Geeta akarudi kwenye pasi yake, na maneno hayo hayakusemwa tena.

Msimdhanie ni mtu wa roho mbaya, wenzangu. Jirani akiugua, uji wa Mwanabaraka ndio unaotangulia kufika. Lakini kuamini, haamini. Mtu mwenye kitambulisho shingoni akimuuliza kitu humjibu kwa neno moja, na hilo moja lenyewe hulikata ncha. Alitoka Pemba mwaka ule wa mauaji ya Januari 2001, watu walipovuka usiku usiku kwenda Shimoni, Kenya, na wa kwanza kuchukuliwa mtaani kwao Wete alikuwa baba mmoja mpole aliyemjibu askari kwa urefu, akafafanua, akatoa na mifano. Mwanabaraka alikuwa dirishani. Tangu siku hiyo maneno yake anayabana.

Kijana wake Musab ni kinyume chake. Yeye ni msimamizi wa zamu kwenye ghala moja kubwa kule Hayes, mcheshi, simu yake huzungumza nayo kwa sauti basi zima likasikia. Kila kitu kikimuuliza kama anakubali, anakubali. Mama yake humsemesha Kiswahili, yeye humjibu Kiingereza, na wanaelewana hivyo tangu yuko shule. Maneno yake humu nayaweka kwa Kiswahili ili twende pamoja.

Sasa hapa pana jambo, na bora nilitoe mapema, maana bila ya hilo mengine hayatashika. Musab hakuzaliwa na Mwanabaraka. Alizaliwa na Mize, dada yake mkubwa, na Mize alifariki siku ile ile. Damu ilimtoka, hospitali hawakuwa na ya kumwongeza, wanaume wakakimbia huku na huku kutafuta wa kumtolea, na waliporudi wakakuta ameshafunikwa shuka. Mwanabaraka akamchukua mtoto. Musab hakufichwa, kila Idi humsomea Mize fatiha, kama anavyowasomea wazee wengine.

Lakini kwao Pemba mtoto wa dada ni mwanangu. Ukisema "huyu mtoto wa dada yangu" watu wataulizana mmegombana nini wewe na dada yako. Kwa hiyo Mwanabaraka alipofika Uingereza akiomba hifadhi, na ofisa akamuuliza nani amebaki nyuma, alijibu kama ambavyo angejibu mbele ya Kaaba: "Mwanangu." Mkalimani alikuwa bwana wa bara mwenye haraka zake. Akaligeuza Kiingereza, ofisa akaandika, wakaendelea.

Miezi ikapita. Barua ilipokuja, binamu yake Shaame akamsomea, akasita kwenye mstari mmoja. "Hapa wameandika umemzaa wewe. Mwana wa kuzaa. Nikusaidie kuwaandikia warekebishe?"

Mtoto alikuwa Wete kwa bibi asiyeona vizuri. Kama si wa kuzaa, haji. Shaame alishalisoma na hilo.

"Liache," akasema Mwanabaraka.

Basi neno la kwanza lilikuwa halina hatia, hili la pili alilisema akijua. Juu ya hilo la pili ndipo yalipojengwa yote: visa ya mtoto, ukaazi, kisha uraia na pasipoti anayopitia nayo Heathrow akipiga mluzi. Mwanabaraka hakuwahi kumweleza Musab habari ya karatasi hizo. Na alizijua habari za watu waliobainika walidanganya kwenye karatasi za zamani, wakanyang'anywa uraia wakiwa watu wazima na kazi zao. Kila bahasha ya Home Office, wizara yenye mambo ya uhamiaji, ikidondoka mlangoni, hata ya jirani, alilisoma jina juu yake mara mbili.

Jumamosi moja palikuwa na siku ya afya kwenye ukumbi ambao wanawake wa Kizanzibari huukodi kwa maulidi na harusi. Walipimwa presha, wakapimwa sukari, wakashauriwa kuhusu chumvi. Kisha akasimama daktari mmoja mrefu, Humphrey jina lake, akaeleza mradi wake. Aliyekuwa akitafsiri ni Afra, binti wa jirani wa zamani, mzaliwa wa hapa hapa, mwanafunzi wa chuo, Kiswahili chake cha kusikia jikoni. Daktari alisema maneno mengi na katikati yake lilikuwamo "biobank". Neno hilo likamkwama Afra kooni. Akatazama dari, akatazama sambusa, akasema, "Ni kama… benki ya damu."

Ukumbi ukachangamka. Benki ya damu nani asiyeijua? Unatoa, anatiwa mgonjwa, umepata thawabu na sambusa juu yake. Wakaanza kupanga mstari.

Mwanabaraka alibaki ameketi ukutani akiangalia vichupa. Vilikuwa vidogo, vya kidole. Akamgusa mwanamke wa mbele yake. "Shoga, mgonjwa gani atapona kwa hivyo?"

"Labda cha kuonjea hicho. Nyingine wataita baadaye."

"Waonje nini? Mchuzi?"

"Wee nawe. Kaa basi."

Angekaa, na siku nyingine yoyote angekaa. Lakini alikuwa anamwona Mize na shuka yake, na wale wanaume waliorudi mikono mitupu. Akainuka, akakunja mkono wa nguo, akauweka mkono mezani. Hakuuliza swali hata moja. Afra, anayemwita khaloo kama mama yake mdogo, akamwambia, "Khaloo, sahihi hapa, na hapa, na hapa," akaitia kote.

Kesho yake mchana Musab alikuwa anajipakulia biriani, akaona alama mkononi mwa mama yake.

"Mum, umeumia?"

"Nimetoa damu. Kwa wagonjwa." Akamwonyesha mfuko wa kitambaa waliogawiwa, wenye picha ya mti wa rangi.

Musab akacheka. "Na mimi ninao huo huo. Walikuja kazini na gari lao, wakatununulia chai na mayai. Lakini hiyo si ya kutoa damu."

"Si ya kutoa damu vipi, na damu nimetoa?"

"Hapewi mtu. Inawekwa kwenye friji. Wanasoma DNA, halafu wanaangalia miaka inavyokwenda, nani anapata sukari, nani anapata maradhi ya moyo. Wanashirikiana na Ulaya nzima, Wajerumani, Wafini, wote."

"Wanasoma nini ndani yake?"

"Wewe mwenyewe. Umetokea wapi, maradhi gani yanakunyemelea, ndugu zako nani. Mkiwemo wawili wa familia moja, kompyuta inajua tu: huyu mama, huyu mtoto." Akatia pilipili. "Mimi na wewe tutaichanganya kidogo."

Akaendelea kula. Mwanabaraka alikuwa ameshika kijiko hewani.

"Na serikali?" akauliza.

"Serikali imefanyaje?"

"Inaona?"

"Mum, serikali haiwezi hata kuziba shimo la barabara hapo nje."

Basi likaingia rohoni mwake kama sindano inavyozama kwenye godoro, huioni na huwezi kulilalia. Friji moja, vichupa viwili. Kimoja kinasema jina lake, kingine kinasema jina la Musab, na vikikaa pamoja vinasema kile ambacho yeye hakukisema tangu siku ya "liache". Na hakuna aliyemkamata mkono. Aliukunja mwenyewe.

Pale dukani Geeta naye akamwongezea. Geeta hupenda redio ya mazungumzo, na Mwanabaraka alipomuuliza kwa mbali, kama anayeuliza habari za watu wengine, Geeta akasema aliwahi kusikia kipindi. Nchi moja ya kaskazini huko Ulaya, watoto wachanga wote huchomwa kisiginoni, tone la damu likahifadhiwa kwa ajili ya maradhi. Kisha akauawa waziri, na polisi wakaenda kwenye tone la mtu waliyemshuku, lililochukuliwa akiwa mtoto.

"Wakampata?"

"Wakampata."

"Na mama yake aliambiwa ni kwa ajili ya maradhi."

"Alikuwa muuaji, Mwana."

"Nimesikia. Nasema, mama yake aliambiwa ni kwa ajili ya maradhi."

Geeta akamtazama juu ya miwani. "Wewe umeua nani?"

"Mtu mmoja aliyeacha sindano kwenye koti lake," akasema Mwanabaraka, akarudi kwenye mifuko.

Wiki hiyo aliona mambo. Aliona gari jeupe limeegeshwa mkabala na jengo lao, na hakumbuki kuliona kabla. Aliona daktari yule Humphrey, kwenye kumbukumbu yake, akitabasamu kuliko anavyotabasamu mtu asiyetaka kitu. Alimfikiria Afra: msichana anasoma chuo, ati hajui tofauti ya benki na benki? Nani alimwambia aseme vile? Musab akitoka kwenda kazini alimwambia asiseme mambo ya nyumbani kwenye simu, Musab akauliza mambo gani, yeye akamfungia zipu ya jaketi.

Halafu, akiwa dukani, simu ikalia. Namba ngeni. Sauti ya mwanamke, Kiswahili lakini si cha kwao, kimelala upande mwingine.

"Mama Mwanabaraka? Habari, mama. Mimi Angélique. Niko napiga juu ya ile damu ulitoa. Kuko kitu tunapenda kuzungumuza na weye."

Mwanabaraka akaikata. Akakaa kwenye kiti cha wateja. Mkongomani. Nani humtafuta Mkongomani ampigie Mpemba kwa Kiswahili, kama si ofisi ya serikali isiyojua kuwatofautisha? Simu ikalia tena, akaiweka kwenye droo ya vifungo, ikatetemeka humo mpaka ikachoka.

Jioni alikwenda kwa kina Afra. Hakukaa, hakuvua viatu.

"Nani alikutuma useme benki ya damu?"

Afra alikuwa na kompyuta mapajani. "Khaloo, shikamoo."

"Marahaba. Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Biobank ningesema nini? Benki ya uhai? Mngedhani nauza bima."

"Ungesema wanasoma asili ya mtu na kuiweka."

"Ilikuwemo kwenye karatasi."

"Karatasi ulituambia tuweke sahihi upesi, sambusa zinapoa."

Afra akafunga kompyuta. Uso ulimwiva. "Kweli nilisema hivyo. Na si wewe tu. Mabibi wengine waliwapigia watu wa mradi kuuliza kadi zao za kundi la damu zitakuja lini, na kama damu yao imeshamsaidia mtu. Ndipo daktari akagundua hakuna aliyeelewa. Ninaona aibu, wallahi. Sasa wanampigia kila mtu upya, wamemweka dada mmoja Mkongo, anaitwa Angélique."

"Kwa nini Mkongo?"

"Kwa sababu mimi wameniondoa, Khaloo."

Mwanabaraka akamwangalia. Machozi yalikuwa karibu, na yalionekana ya kweli. Lakini machozi nayo alishayaona ya namna nyingi. "Kesho utanipeleka kwake," akasema. "Utabaki nje ya mlango."

Angélique alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, msalaba mdogo shingoni juu ya kamba ya kitambulisho. Mtu wa Bukavu. Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo kwenye jengo la zahanati, na Mwanabaraka kwanza akaangalia pembe za dari.

"Haiko kamera, mama," akasema Angélique. "Mimi pia niliangaliaka siku ya kwanza."

"Kwa nini uliangalia?"

"Nilikuja hapa kuomba kimbilio, kama weye. Tulifundishwa kuangalia."

Mwanabaraka akakaa kwenye ncha ya kiti. Hakusema lake. Akauliza kama mtu anayeulizia la jirani: je, mtu akitoa, na mtu wake mwingine akitoa, inajulikana?

"Inajulikana. Kompyuta inaona kama ni mama na mtoto, ao ndugu, ao mama mudogo na mtoto wa dada yake." Aliitaja mifano yote kwa sauti moja, lakini wa mwisho ulipotoka, Mwanabaraka aliangalia zulia, na Angélique akaona kwamba ameangalia zulia. Kwao Bukavu nako mtoto wa dada huitwa mtoto wangu, na karatasi za watu wa kwao nazo alizisoma nyingi.

"Mama, usiniambie kitu," Angélique akasema polepole. "Mimi nikijua, nitakuwa ninajua. Uliza tu."

"Home Office wakija kuomba?"

"Jina lako limetolewa kwenye damu, imebaki namba. Jina liko kwenye kabati ingine, watu wawili watatu ndio wanaifungua. Home Office hawana ruhusa ya kuja kuchota. Tunawakatalia. Ila jaji akiandika amri, tutapigana na wanasheria, na jaji anaweza kushinda."

"Ile nchi ya visigino?"

Angélique akashusha pumzi. "Umesikia ile. Ndiyo, ilifanyikaka. Na watu kule walikasirika sana. Sikiliza, sitakudanganya. Sheria ya leo ninaijua. Ya kesho siijui. Na kila inchi ya Ulaya iko na yake. Huku Waingereza walitoka kwenye umoja, sheria zikabaki zinafanana, lakini haziko moja."

Jibu hilo lilimtuliza Mwanabaraka kwa namna ya ajabu. Katika maisha yake hakuna mtu mwenye kitambulisho shingoni aliyewahi kumwambia "siijui". Hata hivyo hakulegea. Alijiuliza kama huo nao si ufundi.

"Nikitaka yangu itoke?"

"Ni haki yako. Hatuulizi sababu. Vichupa vinachomwa."

"Na vilivyosomwa?"

"Kama bado hatujaituma, inafutwa. Ile imetumwa kwa wenzetu inje, haiwezi kurudi. Wanaambiwa wasiitumie tena. Wengi wanatii."

"Wengi."

"Wengi, mama."

"Yangu imetumwa?"

Angélique akageukia kompyuta, akaandika namba, akangoja. "Yako bado. Inaenda mwisho wa mwezi." Akaichukua kalamu, akaiweka mbele yake juu ya karatasi ya kujitoa. "Ya yule mwingine siwezi kukuambia. Hiyo ni yake. Yeye ndiye ataniuliza."

Mwanabaraka alishika kalamu. Ilikuwa rahisi hivyo: sahihi moja, kichupa kinachomwa, na Musab abaki na mluzi wake. Ndivyo alivyofanya mara zote, akakata yeye, akashona yeye, mtoto akavaa. Lakini alikumbuka alivyokunja mkono wa nguo ukumbini. Alidhani anatoa kilicho chake, kumbe mle mlikuwa na Musab, na Mize, na hakuna aliyewauliza. Na ikiwa siku moja mtu atagonga mlango, atakayehojiwa ni Musab, na Musab atajibu kwa urefu, atafafanua, atatoa na mifano.

Akairudisha kalamu. "Nitarudi," akasema.

Alimwambia Musab Jumapili asubuhi, chai ikiwa mezani, mkate wa kumimina haujakatwa. Alimweleza kuanzia ofisa na mkalimani hadi barua ya Shaame. Hakujitetea. Alipofika kwenye "liache" alilisema kama alivyolisema siku ile, kwa sauti ile ile ndogo.

Musab hakukatiza, na hilo peke yake lilikuwa jambo geni. Mama alipomaliza, Musab aliitazama simu yake mezani. Akaigeuza kifudifudi. Kisha akaichukua, akaipeleka chumbani, akarudi, akafunga dirisha, akaketi. Na aliposema, alisema Kiswahili, cha kubabaika, sauti chini.

"Nani mwengine anajua?"

Miaka yote Mwanabaraka alimwombea mtoto huyu apate tahadhari kidogo. Sasa imekuja, na ilimuuma kuiona usoni kwake.

"Shaame alijua, na ameshafariki. Yule Angélique sikumwambia, lakini ameelewa."

"Ni mtu wa kuaminika?"

"Sijui. Alinambia asichokijua. Sijui."

"Kila safari napita Heathrow nacheka nao," akasema Musab. "Ungeniambia."

"Ningekwambia, ungecheka nao namna gani?"

Musab alitaka kukasirika, ikaonekana, lakini hasira ilikosa pa kukaa. Akakata mkate, akauacha. "Waliniuliza maswali," akasema. "Kwenye lile gari. Mama yako yuko hai? Nikaandika ndiyo. Ana maradhi gani? Nikaandika presha."

"Presha yangu?"

"Yako. Wanajua nitairithi."

Mwanabaraka akacheka bila kutaka, akaziba mdomo. Musab naye akatabasamu, kisha tabasamu likafutika. "Na Mize hayumo popote. Kilichomuua hakimo. Kama mimi nina hicho kitu cha damu, nikipata binti…"

Hapo wakakaa. Kumwandika Mize ni kuandika, kwa Kiingereza, kwamba Mwanabaraka si mama mzazi. Kutomwandika ni kuiacha benki nzima iamini uongo, na binti ambaye hajazaliwa akose onyo. Mwanabaraka akasukuma kikombe cha chai upande wa mwanawe. Alikuwa ameapa njia nzima kwenye basi kwamba safari hii hataamua yeye.

"Yako itoe," akasema Musab mwishoni. "Yangu ibaki kama ilivyo, peke yake haina ya kulinganishwa nayo. Makosa yake yabaki. Nitamtafuta wakili, nimuulize kama mambo ya rafiki yangu."

"Wakili atajua ni wewe."

"Ajue. Yeye amekatazwa kusema."

"Daktari naye tuliambiwa amekatazwa kusema."

Musab akamtazama, akaitafakari. "Basi nitatafuta wa mbali," akasema. "Asiye wa Wembley wala Hayes. Akisema hakuna hatari, nitarudi kumwandika Mize. Mpaka hapo, hapana."

Jumanne walikwenda wote wawili, lakini Musab hakutaka kuingia. Mwanabaraka alitia sahihi. Mahali pa sababu aliacha patupu, na Angélique hakugusia. Alimweleza tu kwamba barua ya kuthibitisha itatumwa.

"Isije nyumbani."

"Tuitume wapi, mama?"

"Kwa dobi."

Angélique akaandika anuani ya duka bila kuinua uso. Kisha akamsindikiza hadi kwenye ngazi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akarudi kazini.

Nje, Musab hakuwa mlangoni. Mwanabaraka alitazama huku na huku mpaka akamwona ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha basi, kofia ya jaketi juu, amesimama upande ambao kamera ya jengo haifiki. Akavuka kumfuata. Musab akamtikisia kichwa kidogo sana, asimkaribie.

Basi lilipofika, mama alipanda mbele, akakaa karibu na dereva. Musab alingoja watu wengine wapande katikati yao, akapita bila kumtazama, akaenda kukaa nyuma kabisa. Simu ilikuwa mfukoni, imezimwa. Wakasafiri hivyo hadi Wembley, kama watu wawili wasiojuana.